Mshono wa Kisogoni

Kofia ilikuwa bado inachuruzika maji ilipowekwa mezani mbele ya Dada Ketura. Mama Prudence, mlezi wa akina dada wote wa Bonde la Gileadi, alikuwa ameileta mwenyewe, ameifunga ndani ya aproni mtu asiione, na sasa alisimama tu pale pasipo kukaa.

"Imeokotwa bwawani, kule kinuni," alisema. "Kaka Gideoni kaiona kulipokucha. Ni ya nani?"

Ketura aliigeuza, akafunua pazia la hariri linaloning'inia kisogoni, akaonyesha herufi mbili zilizotariziwa kwa uzi wa buluu. Hakukuwa na haja ya kuzisoma kwa sauti. Kitanda cha Lovina Starks hakikulaliwa, na kigingi chake ukutani, pale anapotundika kofia hii kila akitoka ibadani, kilikuwa kitupu.

"Mzee Orrin ameshatuma mtu mjini kwa sherifu na askari wake," alisema Mama Prudence. "Anasema ni kazi ya mumewe, yule mlevi aliyekuja uzioni juzi akaapa kumtoa mkewe humu akiwa hai au maiti. Na Mzee anataka kutangaza msiba leo leo, ibadani."

"Msiba, Mama? Maiti iko wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye uliyemfichua mwizi wa asali, na wewe ndiye uliyetuambia ghala liliunguaje. Nipe jibu kabla ya kengele. Ikishalia unajua hatutaweza kusemezana mpaka wimbo wa kwanza." Akapunguza sauti. "Na usizungumze na kaka yeyote ukiwa peke yako. Mchukue Jerusha. Maana aliyefanya hivi, kama si huyo mume, basi jana alikula mezani kwetu."

Alitoka na kuuacha mlango wazi, kama milango yote ya nyumba ya kushonea inavyoachwa. Ketura alisikia hatua zake zikishuka ngazi ya akina dada. Aliogopa. Alikuwa ameishi miongoni mwa Waumini, watu wasiooa wala kuolewa, tangu akiwa mtoto wa kubebwa, hajawahi hata siku moja kufunga mlango kwa hofu, na asubuhi hii alijikuta anauangalia ule upenyo wa mlango kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake anavuta pumzi.

Akajikaza, akavuta kinyago cha mbao cha kichwa, akakivika kofia.

Watu wa dunia, ambao hutuita Watetemekaji kwa jinsi tunavyotetemeka tukisali, na hucheka wakituona njiani, hudhani kofia ya dada ni kitambaa kilichokunjwa tu. Wathubutu kuishona! Chini kabisa kuna ukindu kutoka Kuba, umechanwa chane nyembamba, umefumwa kitandani mwa kufumia kama mkeka mdogo. Ukingo wa mbele, ule unaoficha uso mpaka dada asionekane ila na aliye mbele yake, hutiwa karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi ya unga. Juu yake huja pamba, halafu hariri ya viwavi wetu wenyewe, waliolishwa majani ya miforosadi iliyo nyuma ya zizi. Nyuma hariri hukusanywa kwa mikunjo midogo midogo, na mikunjo yote hulala kuelekea kulia, kwa kuwa sisi kila kitu huanza na kulia. Mwisho kabisa hushonwa pazia la kisogo, na hilo hushikizwa kwenye hariri peke yake. Sindano ikigusa ukindu, ukindu hupasuka, na kofia imekwisha. Mama Prudence alimfundisha Ketura hayo kwa kumpiga vidole kwa rula.

Aliubonyeza ukingo kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu.

Akaubonyeza tena, pembeni. Mgumu vilevile. Mwaka jana tu dada mmoja alinyeshewa kutoka langoni hadi jikoni, na ukingo wa kofia yake ukamwangukia machoni kama sikio la nguruwe. Kama hii ingekuwa majini tangu jana jioni, ile karatasi ya ndani ingekuwa uji. Ilikuwa imelowa, lakini haikuwa imekaa majini. Mtu aliitia bwawani alfajiri, muda mfupi kabla ya kuokotwa.

Na aliyeiokota ni Gideoni.

Ketura akakigeuza kinyago ili atazame nyuma, akainua pazia mpaka mahali linapoungana na kofia, na hapo mkono wake ukasimama.

Mikunjo ya upande mmoja ilikuwa imelala kushoto.

Alisogea dirishani. Pazia lilikuwa limeng'oka, limeng'oka kwa nguvu hata hariri ikachanika, halafu likarudishwa na kushonwa upya. Halikushonwa kwa uzi wa hariri. Uzi ulikuwa wa kitani, mweusi, umepakwa nta, na ulipita moja kwa moja kwenye ukindu kwa matundu ya duara yaliyotobolewa kwanza kwa chuma. Alitazama ndani: mshono ulionekana uleule kama nje, umenyooka, umebana, sindano mbili zimepishana katika kila tundu. Ulikuwa mshono mzuri sana. Ulikuwa mshono wa ngozi.

Basi akaelewa jinsi ilivyokuwa. Mtu alimjia Lovina kwa nyuma, akamkamata kwa pazia la kisogo. Lovina akajivuta. Ketura alijikuta ameshika shingo yake mwenyewe.

*

Kinuni alimkuta Kaka Gideoni amekaa juu ya gunia, unga mpaka kwenye nyusi, akitetemeka na kujifanya anasikia baridi. Dada Jerusha wa jikoni, bibi mnene mwenye ulimi usiolala, aliketi kizingitini ili kanuni itimie.

"Mimi ni sanamu tu hapa," alisema Jerusha. "Semeni, sisikii kitu."

"Tangu lini?" Gideoni alimuuliza.

"Kaka Gideoni," Ketura aliingilia, "ulipoikuta kofia, ilikuwa upande gani wa bwawa?"

"Upande wa juu. Pale kwenye lango la maji. Imenasa kwenye mti."

"Kwenye njia ya akina kaka?"

"Ndiyo... naam, kwenye njia yetu." Alikunja uso. "Mbona hilo sikuliwazia? Dada angepita njia ya chini."

"Hata angekuwa anakwenda kujiua angepita njia ya chini," alisema Jerusha. "Miguu ina mazoea yake."

"Hukusema husikii kitu wewe?"

"Onyesha mikono yako, Kaka," alisema Ketura.

Gideoni aliificha nyuma kwanza, kama mtoto, kisha akaitoa. Ilikuwa imechubuka. Mtu huyu angeweza kumbeba Lovina kwa mkono mmoja.

"Ni mkanda wa kinu," alisema Gideoni upesi. "Ulikatika Ijumaa. Nimeushona mwenyewe. Dada, mbona unanitazama hivyo? Mimi nimeokota kofia tu! Ningekuwa na hatia ningeiokota ya nini? Si ningeiacha ielee mpaka ioze?"

"Umeushona kwa uzi gani?"

"Wa kitani. Wa nta. Kwani kuna mwingine?"

"Nionyeshe."

Walikwenda wote watatu mpaka kwenye gurudumu, Jerusha akihema nyuma yao. Ketura aliinama. Uzi ulikuwa mweusi, wa kitani, wenye nta, uleule. Lakini mshono wenyewe ulikwenda huku na huku kama mtu anayetoka kilabuni, sindano moja, matundu mengine makubwa na mengine madogo, na mwishoni fundo kubwa kama dengu.

Aliinuka. Hakujua kama amefarijika au ameogopa zaidi, kwa kuwa mtu aliyekuwa anamtafuta alikuwa na mkono mwepesi na akili iliyotulia.

"Nani mwingine hapa kijijini hushona ngozi?"

"Karibu kila kaka hushona kidogo. Kuna wa viatu. Kuna wa kujalidi vitabu. Kuna wa matandiko ya farasi. Mimi nashona kama ninavyoimba, ndiyo maana hakuna anayeniomba." Akasogea, kisha akakumbuka kanuni na kurudi nyuma hatua. "Dada Ketura, unafikiri yuko humu majini? Maana leo lazima nifungulie maji, na ninaogopa kulitazama lile lango."

Ketura alilitazama bwawa. Lilikuwa limetulia, kijani, ukungu ukianza kuinuka juu yake.

"Usiogope maji," alisema polepole. Wazo lilikuwa linamjia huku anazungumza. "Kama mtu angekuwa na maiti, angetupa maiti, ikiwa imevaa kofia yake. Ingekuwa rahisi, na wote tungeamini. Huyu ametupa kofia peke yake. Kwa nini?"

Gideoni alikodoa macho.

"Kwa sababu hana maiti," alisema Jerusha kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha.

"Yuko hai," alisema Ketura. "Alikuwa hai alfajiri."

Njiani kurudi, Jerusha hakuweza kunyamaza. Hofu kwake ilitokea mdomoni. Alilalamikia kuni, akalalamikia mkate ulioungua. Akalalamika kwamba leo kila mtu amechanganyikiwa, hata Mzee Orrin, ambaye hajatia kitu mdomoni asubuhi ya Sabato tangu Jerusha aanze kupika, leo kaja dirishani na kuomba andazi zima la tufaha na jagi la maziwa, akaondoka nayo kuelekea karakana.

"Na maziwa hata hayapendi! Hunywa kwa kukunja uso. Ati anataka kuwa peke yake na huzuni yake. Huzuni gani inakula andazi zima?"

"Watu huomboleza kwa namna zao," alijibu Ketura. Akili yake ilikuwa kwa mshona viatu.

*

Jerusha alirudi jikoni, kwa muda mdogo tu, alisema. Ketura alipanda peke yake nyumba ya kushonea. Alitaka kuifungia kofia kabatini kabla mtu hajaiona, kwa hiyo akashika funguo zilizokuwa zinaning'inia kiunoni mwake na kuinamia tundu la kufuli.

Funguo hizo alipewa siku alipofanywa msimamizi wa kazi za akina dada. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya ngozi, na kamba hiyo ameishika kila siku bila kuitazama. Sasa aliitazama.

Mshono ulikuwa mweusi, umenyooka, umebana, sindano mbili zimepishana katika kila tundu. Mwishoni hapakuwa na fundo. Uzi ulirudishwa nyuma matundu mawili, ukakatwa karibu, ukagongwa kwa nyundo mpaka ukalala. Aliivuta kofia, akainua pazia. Matundu mawili kurudi nyuma. Uzi umekatwa karibu. Ukindu ulikuwa umepasuka pale ulipogongwa kwa nyundo.

Mtu aliyemshonea kamba ile, akamkabidhi mbele ya kijiji kizima, alikuwa Mzee Orrin, fundi pekee aliyebaki katika karakana ya matandiko tangu wenziwe wakimbilie duniani. Mzee ambaye hutuongoza sote katika sala. Mzee ambaye kesho alfajiri angeondoka na gari la mifagio kwenda kuuza mjini, na gari lenyewe lilikuwa limeshapakiwa, limefunikwa turubai, limesimama ndani ya karakana.

Andazi zima, na maziwa asiyoyapenda.

"Dada Ketura."

Hakusikia hatua. Alikuwa mlangoni, mrefu, safi, koti limefungwa vifungo vyote, uso umejaa huruma ile ambayo watoto humkimbilia. Aliingia, mguu wa kulia kwanza. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake na kuufunga mlango.

Ketura hajawahi kuuona mlango ule kwa ndani ukiwa umefungwa. Hakujua kwamba nyuma yake kulikuwa na alama ya fundo la mti, yenye sura ya jicho. Kaka na dada hawakai chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa. Hata mtoto mdogo hapa anajua. Mzee Orrin ndiye aliyekuwa akiisoma kanuni hiyo kila mwaka mpya.

"Msiba mkubwa," alisema Mzee. "Nasikia Mama Prudence amekupa kazi. Umeona nini?"

"Naichunguza bado, Mzee."

"Umekwenda kinuni."

"Naam."

"Gideoni ni mtu mwenye hasira. Nimelisema hilo siku nyingi." Alisogea mezani. Macho yake yalitua juu ya kofia, yakahama. "Lovina aliwahi kukuambia chochote? Ninyi dada huambiana mambo."

"Aliniambia kwamba ana jambo la kuungama kwa Mama Prudence. Jumamosi ndiyo siku yake. Hakufika."

"Jambo gani?"

"Hakusema."

Ni kweli Lovina hakusema, lakini sasa hakukuwa na haja. Ketura alikumbuka jinsi Lovina alivyoacha kupita karibu na karakana, jinsi alivyomwomba wabadilishane zamu ya kupeleka nguo za akina kaka, na jinsi yeye, Ketura, alivyomkemea kwa uvivu. Alijisikia vibaya hata machozi yakamchoma, akayazuia kwa sababu Mzee alikuwa anamtazama.

"Mtu akishakufa, Dada Ketura, hakuna anayemtafuta," alisema Mzee kwa upole. "Hilo nalo ni pumziko. Mumewe hatamtafuta, sheria haitamtafuta. Anaweza kuanza upya." Akajisahihisha upesi. "Mbinguni, ninamaanisha. Nipe hiyo kofia. Si vizuri dada wengine waione. Nitaichoma."

"Bado haijatengenezwa, Mzee. Vitu vya marehemu hufuliwa na kushonwa kwanza. Hatutoi kitu kilichochanika."

"Lakini imeshashonwa," alisema Mzee Orrin.

Pazia lilikuwa limeshuka. Kutoka alipokuwa amesimama yeye, kulikuwa na hariri tu, yenye rangi ya njiwa, inayodondosha maji. Hakuna mtu aliyekuwa ameuona mshono ule isipokuwa Ketura, na Ketura hakuwa amemwambia mtu kwamba imeshonwa upya.

Wote wawili walilisikia neno lile likikaa chumbani. Mzee alitazama kamba ya ngozi iliyokuwa imekamatwa katika ngumi ya Ketura. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Ketura kuliko yote. Akanyoosha mkono kuvuka meza.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Haa!" alisema Jerusha, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. "Nilidhani nimekosea nyumba! Huu mlango haujawahi kufungwa tangu utoke kwa seremala. Mzee, ni wewe? Upepo umeufunga, eti?"

"Upepo," alisema Mzee Orrin.

"Leo upepo una mikono. Mimi nimekuja kumsaidia dada yangu kufunga riboni. Au nirudi?"

Mzee aliinamisha kichwa, akampita, akashuka. Alishuka kwa ngazi ya akina kaka, taratibu, kama kawaida yake. Ketura alifungua mdomo kumweleza Jerusha kila kitu, na papo hapo kengele ikalia. Ilikuwa mapema mno. Lakini anayeamuru kengele ni Mzee, na aliposhuka tu alikuwa ameinua mkono kwa mtu anayevuta kamba ya kengele.

Wote wawili wakafunga midomo. Kengele ikishalia hakuna anayesema.

*

Angeweza kupiga kelele. Alilifikiria hilo huku anatazama dirishani akina kaka wakijipanga upande wao, na Mzee mbele yao. Nani angemwamini? Dada mmoja mwenye hofu dhidi ya Mzee Orrin! Na kabla hawajamaliza kumtuliza na kumpa maji ya mnanaa, Mzee angekuwa ameshafika karakana, na farasi wako palepale.

Kofia yake mwenyewe ilining'inia kwenye kigingi, kavu, safi. Ketura aliiacha. Aliivua ya Lovina kwenye kinyago, akaivaa.

Maji baridi yalimtiririka shingoni mpaka mgongoni. Alipofunga riboni Jerusha alimshikia, macho yamemtoka bibi wa watu. Kisha Ketura aligeuka, akachukua pini mbili mezani, akampa. Akainua pazia la kisogo kwa mkono wake, akangoja.

Jerusha alikuwa mpishi, lakini kila dada wa Gileadi amepita nyumba ya kushonea. Ketura aliisikia pumzi yake ikikatika. Halafu akasikia pini zikiingia, moja huku, moja huku, pazia likabaki juu na mshono ukabaki wazi.

Akina dada walijipanga wawili wawili. Ketura, kwa cheo chake, alitembea mbele pamoja na Mama Prudence, na nyuma yao kikosi kizima kikafuata, kofia nyuma ya kofia, kila mmoja ameonyeshwa kisogo cha aliye mbele yake na si kitu kingine. Hakuna aliyeweza kuona uso wa mwenzake. Ketura hakuona chochote ila njia. Alisikia viatu, na baada ya kitambo kidogo akasikia viatu vya nyuma yake vikikosa mpigo, halafu vya nyuma zaidi, kama kitu kinachopita mstarini. Wale wa nyuma walikuwa wanajongea pembeni kutazama.

Njia hugawanyika penye mforosadi mkubwa. Kulia ni nyumba ya ibada, na akina kaka walikuwa wameshafika ngazi za mlango wao. Kushoto ni karakana ya matandiko. Dada hawaendi kushoto.

Ketura alisimama.

Mama Prudence naye akasimama, na mstari mzima ukasimama. Ukingo wa kofia ya mama yule uligeuka polepole. Uso wake ulionekana, umekasirika, tayari kukaripia kwa macho. Ketura hakumtazama. Aligeuza kichwa tu, akampa kisogo.

Ketura alingoja rula impige vidole. Kidole kikavu cha Mama Prudence kiligusa nyuma ya kofia, kikapita juu ya mikunjo iliyolala kushoto, kikafuata tundu baada ya tundu, kikafika mwisho, pale uzi uliporudishwa nyuma. Kikakaa hapo. Mama Prudence naye alikuwa na Biblia yenye mfuko wa ngozi, na mfuko huo ulishonwa na mtu huyohuyo.

Mama Prudence alitanguliza mguu wa kulia, akashika njia ya kushoto.

Wote wakamfuata. Kutoka ngazi za ibada sauti ya kaka mmoja iliita kwa mshangao, halafu vikasikika viatu vinavyokimbia, na Waumini hawakimbii siku ya Sabato. Akina dada hawakugeuka. Walifika karakana, wakaizunguka pande zote, bega kwa bega. Mlango ulikuwa na kufuli. Kwa ndani gari la mifagio lilionekana kupitia ufa, turubai limefungwa kamba. Hapakuwa na sauti.

Ketura alipiga moyo konde akavunja kanuni.

"Lovina!"

Kimya. Tumechelewa, aliwaza. Halafu juu darini kitu kiligonga ubao, kikagonga tena, na sauti kavu, karibu haisikiki, ikasema, "Kuna kufuli. Ufunguo anao yeye."

Mzee Orrin alikuwa amefika, anahema, na akina kaka nyuma yake na Gideoni akiwapita wote kwa mabega. Mzee alisimama mbele ya ukuta wa kofia. Zote zilikuwa zimemgeukia. Hariri ileile, ukingo uleule, na ndani ya kila moja kivuli.

"Ufunguo, Mzee," alisema Ketura.

Alitazama kofia hii, akatazama ile, akishindwa kujua ni ipi iliyosema. Ndipo Ketura alipogeuka akamwonyesha kisogo, ijapokuwa kila kiungo cha mwili wake kilimkataza kumpa mtu yule mgongo. Alifumba macho. Alisikia hatua moja ikisogea kokotoni, mguu wa kulia. Akasikia funguo zikilia, halafu kishindo chake zikitua kiganjani mwa Mama Prudence.

"Ilikuwa imechanika," alisema Mzee Orrin nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeomba aeleweke. "Isingewezekana kuitupa vile, imechanika."